Kufunga na Kufungua Mafurushi ya Maandishi kwa Lugha ya Prolog

Wenzangu, wengi mmeniuliza kwa nini siku ile nilionekana nikienda Gatumba kwa baiskeli ya kuazima, hali mvua inanyesha na sare yangu imelowa yote. Nitawajibu, lakini jibu lenyewe ni somo, nanyi sharti mnivumilie nianze mbali kidogo.

Mnajua kwamba sisi wa Kajaga tu majirani wa ziwa. Mwaka 2024 maji ya Tanganyika yalipanda mno, yakaingia katika nyumba nyingi za pwani, na ghala letu la vitabu halikusalimika. Madaftari ya alama za miaka iliyopita yalishikamana kama mkate uliolowa, wala hakuna mtu aliyeweza kufunua kurasa zake. Lakini kabla ya hapo mwalimu wetu alikuwa amekwisha kuyapiga chapa katika kompyuta, kila mwaka faili lake, tangu 2005 hata 2020, naye akayafunga yote 16 katika faili moja liitwalo madaftari.tgz. Basi karatasi zimeharibika, faili hilo limebaki. Mtu aliyesoma hapa zamani akitaka alama zake, hana pengine pa kuzipata.

Faili la namna hii nitaliita furushi, maana ndivyo lilivyo: vitu vingi vimefungwa pamoja. Tena furushi letu limefanyiwa kazi mbili, nazo ni mbali mbali ingawa watu huzichanganya.

Kazi ya kwanza ni kufunga pamoja. Hiyo hufanywa kwa utaratibu uitwao tar, uliotoka pamoja na Unix ya mwaka 1979. Siku zile mafaili yaliwekwa akiba katika mikanda ya sumaku iliyozunguka kama mikanda ya nyimbo, na jina lenyewe la tar latokana na mkanda huo. Utaratibu ni huu: huandikwa kwanza kichwa cha baiti 512, ndani yake jina la faili na ukubwa wake, kisha hufuata maandishi ya faili lenyewe, kisha kichwa cha faili la pili, na maandishi yake, hivyo hivyo hata mwisho. Angalieni sana: hakuna orodha ya majina mahali pamoja. Atakaye kujua kilichomo sharti apite toka mwanzo. Zip, aliyoibuni Phil Katz mwaka 1989, ina orodha mwishoni mwa faili, lakini letu si zip.

Kazi ya pili ni kubana. Hiyo ni kazi ya gzip, iliyotungwa na Jean-loup Gailly na Mark Adler mwaka 1992. Yafuata njia ya Abraham Lempel na Jacob Ziv ya mwaka 1977. Tuseme katika daftari neno "Hisabati" limeandikwa mara mia tatu. Gzip huliandika mara moja, na likitokea tena husema tu, "Rudi nyuma hatua kadhaa, nakili herufi nane." Hutazama nyuma kiasi cha baiti 32,768, si zaidi. Kisha herufi zitumikazo sana hupewa alama fupi, na zile za nadra alama ndefu, kwa hesabu ya David Huffman ya mwaka 1952. Ndiyo sababu daftari la alama, lenye maneno yale yale kila ukurasa, hubanwa sana, na picha ya simu hupungua kidogo tu, kwa kuwa imekwisha kubanwa tangu ilipopigwa. Rafiki yangu mmoja alisema ni kama kukausha ndagala. Nikamwambia mfano wake ni mzuri nusu: ndagala mkavu ukimloweka hurudi kunenepa, lakini hawi tena kama alivyotoka ziwani. Faili lililobanwa kwa gzip hurudi lilivyokuwa, herufi kwa herufi.

Sasa nije kwenye Prolog. Lugha hii ilizaliwa Marseille, Ufaransa, mwaka 1972, kwa kazi ya Alain Colmerauer na Philippe Roussel, wakisaidiwa na mawazo ya Robert Kowalski aliyekuwa Edinburgh. Nia yao ya kwanza ilikuwa mtu apate kuzungumza na kompyuta kwa Kifaransa. Sisi tunaohangaika na Kifaransa kila asubuhi twaweza kuwahurumia. Tuitumiayo shuleni ni SWI-Prolog, aliyoianza Jan Wielemaker huko Amsterdam mwaka 1987, nayo haiuzwi.

Katika lugha nyingine mtu huiamuru kompyuta: fanya hiki, kisha kile. Katika Prolog waiambia yaliyo kweli, kisha waiuliza. Kwa mfano:

njia(kajaga, gatumba).
njia(gatumba, uvira).
safari(A, B) :- njia(A, B).
safari(A, B) :- njia(A, C), safari(C, B).

Mstari wa tatu wasema kwamba safari toka A hata B yawezekana ikiwa ipo njia. Na wa nne, kwamba yawezekana pia kwa kupitia mahali pengine C. Ukiuliza safari(kajaga, uvira), Prolog hujaribu mstari wa tatu. Haioni njia ya moja kwa moja. Basi hurudi nyuma, husahau ilichokwisha kudhani, hujaribu wa nne, hupita Gatumba, na kujibu true, yaani kweli. Isipoona njia yo yote hujibu false, yaani si kweli. Huku kurudi nyuma ndiko utamu wa Prolog, na ndiko kulikonipoteza mimi.

Ili Prolog ifungue mafurushi, huipa kwanza maktaba yake:

:- use_module(library(archive)).

Kauli za kusoma ni chache. archive_open hufungua furushi, archive_next_header husonga mbele mpaka kichwa kinachofuata na kukupa jina, archive_open_entry hukupa mkondo wa kusoma maandishi ya faili ulilosimama mbele yake, archive_close hufunga. Huna haja ya kuiambia kama furushi ni tar au zip, wala kama limebanwa kwa gzip. Katika kusoma hutambua yenyewe. Nikaandika hivi:

soma(Furushi, Jina, Maneno) :-
    archive_next_header(Furushi, Jina),
    archive_open_entry(Furushi, Mkondo),
    set_stream(Mkondo, encoding(utf8)),
    read_string(Mkondo, _, Maneno),
    close(Mkondo).

Mstari wa set_stream niliuongeza kwa ajili ya majina ya Kifaransa yenye alama juu ya herufi, ambayo bila huo hutoka kama matapishi. Na close msiisahau kamwe. Ukiacha mkondo wazi ukaomba kichwa kinachofuata, Prolog hukataa kwa kelele, yasema huna ruhusa. Kwa kosa la kelele mimi nashukuru. Lililonipata mimi lilikuwa la kimya.

Siku hiyo walikuja watu watatu. Wa kwanza alitaka alama za mwaka 2012, wa pili za 2016, wa tatu alikuwa mama mmoja kutoka Gatumba, ambaye mwanawe alimaliza 2009. Kijana huyo alikuwa ametakiwa kuonyesha alama zake kabla ya Ijumaa ili aandikwe kazi, naye yuko mbali, hivyo mama amekuja badala yake. Nilifungua furushi mara moja tu, nikaona ni akili kutofungua na kufunga kila mara, nikauliza kwa zamu yao. '2012.txt' ikatoka. '2016.txt' ikatoka. Nikauliza '2009.txt', nayo kompyuta ikajibu:

false.

Nikamwambia, "Mama, mwaka huo haumo."

Akauliza, "Mwanangu, umetazama vizuri?"

Nikajibu kwamba kompyuta imetazama. Akanishukuru, akafunga kitenge chake vizuri, akaenda zake. Kunishukuru huko ndiko kulikonichoma baadaye.

Jioni nilitaka kumweleza mwalimu kwamba furushi lina pengo, basi nikaomba majina yote kwa kauli ya archive_entries:

?- archive_entries('madaftari.tgz', Majina).

Majina yakatoka 16, na '2009.txt' ni la tano. Nilikaa kimya. Furushi ni moja, swali ni moja, majibu mawili. Nikafungua tena upya, nikauliza '2009.txt' peke yake, nayo ikatoka mara moja, na jina la yule kijana limo.

Sababu ni hii. archive_next_header ukiipa jina, husonga mbele tu, ikipita kila kichwa mpaka ilione jina hilo. Isipoliona hata mwisho wa furushi, hushindwa pasipo neno. Mimi nilikuwa nimekwisha kuvuka hata 2016. Mwaka 2009 ulikuwa nyuma yangu. Kauli ikaenda 2017, 2018, 2019, 2020, ikafika mwisho, ikasema false.

Ninyi mtauliza, je, hamkusema Prolog hurudi nyuma? Ndiyo, hurudi nyuma katika mawazo yake. Ikiwa imedhani C ni gatumba, yaweza kufuta dhana hiyo kama ubao. Lakini mahali ulipofika katika faili si dhana, ni jambo la nje, kama barua iliyokwisha kutumwa. Prolog hairudishi mkanda. Kwa kauli za namna hii, utaratibu wa maswali hugeuza majibu, nasi tumefundishwa kwamba katika mantiki ya "na" utaratibu haugeuzi kitu. Laiti mama yule angekuwa wa kwanza katika mstari, angeondoka na alama zake, nami nisingejua kitu.

Kuna jambo la ndani zaidi. Mwaka 1978 Keith Clark aliandika juu ya kukanusha kwa njia ya kushindwa: Prolog ikishindwa kuthibitisha neno, hulihesabu kuwa si kweli. Hilo ni halali ikiwa yote yajulikanayo yametafutwa. Programu yangu ilitafuta mafaili manne ya mwisho, nami nikalichukua neno lake kama imetafuta yote 16. "Sikuona toka hapa niliposimama" nilikugeuza kuwa "haumo".

Dawa yake ni fupi. Kila swali lifunguliwe furushi lake upya:

tafuta(Faili, Jina, Maneno) :-
    setup_call_cleanup(
        archive_open(Faili, Furushi, []),
        soma(Furushi, Jina, Maneno),
        archive_close(Furushi)).

setup_call_cleanup huhakikisha furushi linafungwa hata kazi ya katikati ikishindwa. Kama maswali ni mengi, afadhali kupita furushi mara moja na kukusanya yote kwa pamoja. Tena kabla ya kumwambia mtu "haumo", sasa nalinganisha na orodha ya archive_entries. Hilo lanisaidia pia katika mtego mwingine: pengine aliyefunga furushi ameyaandika majina na alama ya kitala mbele yake, './2009.txt', na kwa Prolog hilo ni jina jingine kabisa.

Kesho yake baada ya misa niliomba ruhusa na baiskeli. Gatumba si mbali, lakini njia ile ikinyesha mnaijua. Mama alikuwa mlangoni akichambua maharage. Nilimpa karatasi, nikamwambia kosa ni langu, si la kompyuta. Aliisoma jina kwa kidole, akanitazama, akasema, "Basi mbona ulisema imetazama?" Sikuwa na jibu la maneno machache, akanipa chai. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

Imebaki sehemu ya kuandika furushi, nayo niipitie upesi. Mwalimu aliniamuru nitengeneze nakala ya pili ihifadhiwe mbali na ziwa. Kauli ni moja:

archive_create('nakala.tgz', Mafaili, [format(gnutar), filter(gzip)]).

Mafaili ni orodha ya majina. Katika kuandika, Prolog haibahatishi: sharti utaje namna moja ya furushi, kama gnutar au zip. Kubana nako sharti kutajwe, la sivyo haibani kitu. Mara ya kwanza nilisahau filter(gzip), nikapata faili la baiti 409,600 lenye jina la .tgz, wala halikubanwa hata kidogo. Jina la nje halifanyi kazi ya ndani. Nilipoiongeza, likashuka chini ya robo.

Kisha nikafungua nakala, nikauliza faili la 2020 kwanza, na la 2005 mwisho, kwa makusudi. Yote mawili yakatoka.