Mbwa Mdogo na Kuku Katika Boma Moja

Kuku wa kienyeji ndiye daftari na kalamu ya mtoto. Mbwa naye ni askari wa boma usiku. Lakini tunapotembelea vikundi tunakuta kesi hii mara kwa mara: mbwa wa mmoja amemaliza kuku wa mwenzake, na sasa hawasalimiani hata mkutanoni. Kesi hiyo ilianza mbwa akiwa mdogo, akikimbiza kuku, na watu wakicheka ati "ni mtoto tu."

Mbwa mdogo hana ubaya, anacheza. Kuku akikimbia na kupiga mabawa, mchezo unanoga. Akishazoea kuua, kumwachisha ni kazi ngumu. Kwa hivyo tuanze mapema, anapofika wiki 8.

1. Tumlishe kwanza, ndipo tufungue kuku. Chakula chake kiwe mbali nao, maana kuku akidokoa anaweza kuumwa.

2. Tumfunge kamba, tukae naye karibu na kuku dakika 10 asubuhi na jioni. Akitulia, tumpe kipande cha ugali. Akiruka, tuseme "Acha!" na kumvuta kando. Watu wote wa nyumbani watumie neno hilo moja.

3. Tusimwache peke yake na kuku kabla hajapita mwaka mmoja. Vifaranga wakae ndani ya tenga.

4. Tusimtupie kuku aliyekufa wala matumbo mabichi. Aliyekufa kwa kideri achomwe au azikwe kwa shimo refu. Mbwa akimburuta, atapeleka ugonjwa kwa jirani.

5. Tusimpige, wala tusimfunge kuku mfu shingoni kama wengine wanavyofanya. Hapo anajifunza woga tu. Ukigeuka, anarudia.

Tusisahau chanjo ya kichaa cha mbwa akifika miezi 3, kisha irudiwe kama daktari wa mifugo atakavyoelekeza. Watoto wetu ndio wanaocheza naye.

Mwisho, kikundi kikubaliane mapema, kabla ya hasara, na katibu aandike: mbwa akiua kuku wa jirani, mwenye mbwa atalipa nini, na kwa muda gani? Mapatano yaliyoandikwa watu wakiwa na amani huokoa ujirani siku ya hasira.

Maswali ya kujadiliana:
- Katika kijiji chetu, ni mbwa wangapi hawajachanjwa?
- Nani nyumbani atamfundisha mbwa kila siku?
- Je, kuna majirani waliokosana kwa sababu ya kuku? Tutawapatanisha namna gani?