Jiwe Lenye Jina la Nyoka

Watoto, mmeona mara nyingi jinsi mafundi wa Bunia wafanyavyo matofali. Hukanda udongo kwa maji, huukausha, kisha huutia motoni. Tofali lililochomwa halirudi tena kuwa matope, hata likinyeshewa mvua. Moto umefukuza maji yaliyofichika ndani ya udongo. Leo tutasoma habari za jiwe ambalo nalo limeficha maji.

Jina lake ni serpentini. Kwa Kilatini, *serpens* maana yake ni nyoka. Limeitwa hivyo kwa kuwa lina rangi ya kijani yenye madoa, kama ngozi ya nyoka. Si lile jiwe jeusi ambalo watu huliweka juu ya jeraha la nyoka. Hilo hutengenezwa kwa mfupa uliochomwa.

Serpentini hufanyikaje? Chini sana ya ardhi mna miamba mizito iitwayo peridotiti. Maji yakipenya katika nyufa za mwamba huo, huungana na jiwe lenyewe, nalo hugeuka polepole kuwa serpentini. Jiwe jipya lahitaji nafasi kubwa kuliko lile la kwanza. Basi mwamba huvimba na kupasuka, na maji hupata njia ya kuingia zaidi. Ukilishika jiwe hilo, ni kavu. Lakini katika kilo 100 za serpentini mna kilo 13 hivi za maji, wala huwezi kuyakamua.

Katika milima ya Hajar, nchi ya Oman, kazi hiyo yaendelea hata leo. Huko maji ya chemchemi nyingine ni makali kama maji ya majivu.

Na kwetu Ituri? Huko Kilo, penye machimbo ya dhahabu, mna miamba ya kijani yenye umri wa zaidi ya miaka milioni 2,500. Rangi yake yatokana zaidi na madini mengine, kama kloriti. Lakini hayo nayo yalifanyika kwa joto na maji.

Je, serpentini hudumu? Penye ubaridi hudumu muda mrefu sana. Penye joto la digrii 500 au 600 hivi, maji hutoka, na jiwe hugeuka kuwa madini mengine. Lakini madini hayo si kama tofali: yakipoa na kupata maji tena, yaweza kurudi kuwa serpentini.

Sasa sikilizeni vizuri. Aina moja ya serpentini, krisotili, ina nyuzi nyembamba kuliko unywele. Ndiyo amianti nyeupe. Kwa kuwa haishiki moto, viwanda viliichanganya na saruji kufanya mabamba ya kuezekea nyumba. Vumbi lake likiingia mapafuni, laweza kuleta kansa, tena baada ya miaka 20 au zaidi. Basi mkiona mabamba ya namna hiyo yamevunjika, msiyaponde, msiyakwaruze, msiyachezee. Mwiteni mtu mzima. Mungu ametupa mawe, ametupa na akili ya kuyajua.

Maswali

1. Kwa nini jiwe hili lina jina la nyoka?
2. Maji hufanya nini yakiingia katika peridotiti?
3. Tofali na serpentini hutofautianaje baada ya kupata joto kali?
4. Utafanya nini ukiona bamba la amianti lililovunjika?