KUPIMA UKAVU WA KARAFUU KWA UMEME

Mkulima wa Pemba hujua karafuu imekauka kwa kuivunja: ikikatika kwa mlio, tayari, ikipinda, bado. Desturi hii ni nzuri, wala hatuna nia ya kuiondoa. Lakini siku hizi vipo vipimo vidogo vya betri vyenye ncha mbili za chuma, na vijana wengine huviunda wenyewe. Anayekitumia kipimo hicho bila kukifahamu aweza kuharibu gunia zima.

Umeme hupita kwa urahisi katika maji yenye chumvichumvi, na maji ya karafuu mbichi ni ya namna hiyo. Kadiri karafuu inavyokauka, njia ya umeme huwa nyembamba, mfano wa mfereji unaozibwa na majani. Kule kuzuia umeme huitwa ukinzani, nao hupimwa kwa omu, kwa jina la Mjerumani Georg Ohm aliyeeleza kanuni yake mwaka 1827. Basi kipimo hakioni maji. Hupima ukinzani tu, kisha hukisia.

Hapo ndipo penye hatari. Karafuu zilizotoka juani zimekauka ngozi, na kiini bado kina maji. Nimepata kuona magunia yaliyofungwa adhuhuri kwa kuamini kipimo. Baada ya siku chache yaliingia ukungu, na mwenyewe akashushiwa daraja. Umande nao hudanganya kwa upande wa pili: karafuu kavu huonekana mbichi. Kadhalika joto, maana karafuu ya moto hupitisha umeme zaidi.

Kwa hiyo anua jioni, funika, uziache zipoe ndani usiku kucha. Asubuhi, kabla ya kuanika, chota juu, katikati na chini ya lundo. Zitwange kidogo, uzishindilie katika kikombe cha plastiki kwa nguvu ile ile kila mara, ndipo uchomeke ncha.

Kipimo kilichotiwa alama za mahindi au mpunga hakisemi kweli juu ya karafuu. Karafuu nzuri ina mafuta kiasi cha 15 hadi 20 katika mia, na mafuta hayapitishi umeme. Usijaribu kuzichoma katika tanuri ili upime uzito uliopungua, kwani mafuta hutoka pamoja na maji, nawe utadhani yote yalikuwa maji. Shauri jema ni hili: karafuu zako zikikubaliwa daraja la kwanza, weka kopo moja lililofungwa sana. Zipime, uandike namba. Hiyo ndiyo alama yako. Kiwango cha kimataifa cha karafuu nzima ni unyevu usiozidi 12 katika mia.

Futa ncha kwa kitambaa kikavu baada ya kila kipimo, kwa sababu mafuta hugandamana, na badilisha betri kabla ya mavuno kuanza.