Kiti cha mtoto hakikazwi kwa macho

Safari ya kwanza ndefu ya binti yetu ilikuwa ya Kisumu hadi Usenge, kumwona nyanya yake. Kiti chake cha gari nilikifunga mwenyewe usiku uliotangulia kwa mwanga wa simu, nikakitazama, nikaridhika. Tulipopita Kisian na kukanyaga tuta la kwanza, kikalalia mlango, mtoto akiwa ndani. Hakuumia, hata alicheka. Mke wangu hakucheka. Tukaegesha chini ya mti, nikakisoma kijitabu cha maelekezo kwa mara ya kwanza.

Kumbe mkanda wa gari nilikuwa nimeupitisha kwenye alama nyekundu. Viti vingi vya viwango vya Umoja wa Mataifa huwa na njia za rangi: buluu ni ya kiti kinachotazama nyuma, nyekundu ni ya kinachotazama mbele. Wetu alikuwa na miezi saba, kwa hiyo buluu. Viwango vya R129 vinataka mtoto atazame nyuma mpaka apite miezi 15. Sisi tuliendelea hadi miaka miwili, magoti yamekunjwa kama chura, na hakulalamika.

Ukinunua cha mtumba, kipindue kwanza. Tafuta lebo yenye herufi E ndani ya duara na namba R44 au R129. Muuzaji asipojua kilikotoka, kiache hapohapo, maana kiti kilichowahi kupata ajali kinaweza kuwa na ufa usiouona.

Mahali pake ni nyuma. Kamwe usikiweke mbele kikitazama nyuma kwenye mfuko wa hewa unaofanya kazi. Ukifumuka unapiga mgongo wa kiti, na kichwa cha mtoto kiko hapo hapo.

Sasa kazi yenyewe. Kwanza penyeza vidole kati ya kikalio na kiegemeo cha kiti cha nyuma cha gari. Kwenye Fielder yetu niligusa vyuma viwili vya kunasia kiti, vya ISOFIX, ambavyo sikujua vipo. Kiti chako kikiwa na ndoano zake, sukuma hadi zilie "ta!" mbili. Zisipokuwepo, tumia mkanda: upitishe kwenye rangi yake, ufunge, kisha kandamiza kiti kwa uzito wa mwili huku ukivuta mkanda uliolegea. Cha kutazama mbele mimi hukipigia goti kabisa. Halafu shika pale mkanda unapopita, utikise. Kikisogea zaidi ya sentimita mbili na nusu, rudia. Mimi nilirudia mara nne, shati limelowa.

Mikanda ya mtoto mwenyewe, akitazama nyuma, itokee usawa wa mabega au chini yake kidogo. Jaribu kuifinya begani kwa vidole viwili: ukipata mkunjo wa kushika, bado imelegea. Hapa watu wa Kisumu tunajidanganya tukienda Nairobi. Mtoto anatoka nyumbani na fulana, tukifika Kericho baridi inaanza, tunamvika koti nene kisha tunafunga mkanda juu yake. Koti likibonyea kwenye ajali, mkanda unabaki umelegea. Mfunge kwanza, blanketi lije juu. Na gari likiachwa juani huku kwetu, funika kiti kwa leso. Kile chuma cha kifungo huunguza paja.

Mama yangu hakuelewa haya yote. "Wewe nilikubeba mapajani kwa matatu kutoka Usenge. Ulikufa?" Sikubishana naye kuhusu matatu, nilipiga hesabu. Gari la kilomita 50 kwa saa likisimama kwa sehemu ya kumi ya sekunde, mtoto wa kilo 10 anavuta mikono yako kama mzigo wa kilo 140. "Mama, hilo ni gunia moja na nusu la mahindi." Akanyamaza, kisha akauliza kifungo kinabonyezwaje.

Pale Luanda K'Otieno, tukisubiri feri ya Mbita, tunafanya kinyume: mtoto anafunguliwa na sote tunashuka garini hadi ng'ambo, maana juu ya maji hutaki kuanza kutafuta kifungo. Tukishatua Mbita tunamfunga upya. Safari iliyopita, nikiwa nimeshawasha gari, mama aliinama akafinya mkanda begani mwa mjukuu. "Zima," akaniambia. "Huu umelegea."