Habari za Nyumbani: Namna Ubora wa Maisha Unavyopimwa

Watu wawili wanapokutana asubuhi njiani katika Kata ya Bilele, huulizana hali kabla ya neno jingine lolote. "Habari za nyumbani?" "Nzuri, tunamshukuru Mungu." Huenda jibu hilo limetolewa na mama aliyekesha akimuuguza mtoto, au na mzee ambaye kahawa yake haijalipwa. Adabu inadai kwamba habari iwe nzuri kwanza. Mazungumzo yakiendelea kidogo ndipo huja neno dogo lenye uzito mkubwa: "ila". Nzuri, ila miguu ya bibi haijapata nafuu. Nzuri, ila maji hayajatoka tangu juzi.

Kazi ya kupima ubora wa maisha inaweza kuelezwa kuwa ni kulitafuta neno hilo, kulihesabu na kuliweka mezani pale maamuzi yanapofanyika. Huduma nyingi zinazomfikia mwananchi, kuanzia zahanati hadi barabara ya kijiji, hupangwa kwa kutumia takwimu. Maisha ambayo hayakuonekana katika takwimu huwa na nafasi ndogo ya kuonekana katika bajeti. Kwa sababu hiyo, inafaa kila mkazi aelewe vipimo hivyo hutengenezwaje, vinaona nini na vinaacha nini. Mkoa wa Kagera, kama itakavyoonekana hapa chini, una historia ya pekee katika elimu hiyo.

Zana na lengo

Katika maandishi yake ya mwaka 1968 kuhusu uhuru na maendeleo, Mwalimu Julius Nyerere alitofautisha mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. Barabara, majengo na ongezeko la mazao, alieleza, ni zana za maendeleo. Maendeleo yenyewe ni ya watu. Tofauti hiyo ndiyo mlango wa somo hili. Idadi ya zahanati ni hesabu ya zana. Ubora wa maisha huanza kuonekana pale swali linapogeuzwa: je, mjamzito anaifikia zahanati hiyo kwa wakati, na akifika anapata huduma?

Tangu mwanzo wa uhuru, Watanzania walifundishwa kwamba taifa lina maadui watatu: ujinga, maradhi na umaskini. Mwaka 1990, Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo lilianza kuchapisha kipimo cha maendeleo ya binadamu, kilichobuniwa chini ya uongozi wa Mahbub ul Haq wa Pakistani kwa ushirikiano na Amartya Sen wa India. Kipimo hicho kina nguzo tatu: umri wa kuishi unaotarajiwa, miaka ya elimu na pato la taifa kwa kila mtu. Anayezilinganisha nguzo hizo na maadui wale watatu atagundua kuwa zinakabiliana moja kwa moja: umri na maradhi, elimu na ujinga, pato na umaskini. Matokeo huandikwa kwa namba moja kati ya sifuri na moja, na nchi hulinganishwa kwa namba hiyo.

Faida ya kipimo hicho ni kwamba kiliondoa mazoea ya kuihukumu nchi kwa fedha peke yake. Upungufu wake ni kwamba huzungumza juu ya nchi nzima. Hakimjui mkazi wa Bilele, wala hakitofautishi kaya mbili zilizotenganishwa na ua wa mibono.

Mkungu wa ndizi una bei gani?

Ili kuikaribia kaya, Ofisi ya Taifa ya Takwimu hufanya Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya. Wengi hushangaa wanapoona kuwa wadadisi huuliza kwa kina kuhusu matumizi kuliko mapato. Sababu yake inaeleweka vizuri zaidi katika nchi ya migomba. Mkulima wa Muleba au Bukoba huuza kahawa kwa msimu, hivyo mapato yake hupanda mwezi mmoja na kutoweka mwezi unaofuata. Chakula chake kikuu hutoka kwenye kibanja kinachozunguka nyumba, na mkungu uliokatwa asubuhi na kupikwa mchana haupiti sokoni. Kumuuliza fedha alizopata mwezi uliopita ni kuuacha mkungu huo nje ya hesabu. Kwa hiyo mdadisi huuliza kilicholiwa, pamoja na kile kilichotoka shambani, kisha hukipa thamani ya fedha.

Utafiti wa mwaka 2017/18 uliweka mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi kuwa shilingi 49,320 kwa mwezi kwa mtu mzima mmoja, huku mahitaji ya watoto yakikadiriwa chini ya hapo. Asilimia 26.4 ya watu wa Tanzania Bara walikuwa wakiishi chini ya mstari huo.

Hata hivyo, msomaji wa takwimu anapaswa kuwa mwangalifu na neno "wastani". Mfano wa kubuni utasaidia. Mtaa mmoja una kaya tano. Nne kati yake hutumia shilingi 100,000 kila moja kwa mwezi, na ya tano hutumia shilingi 1,600,000. Jumla ni shilingi 2,000,000, na wastani ni shilingi 400,000 kwa kaya. Katika mtaa huo hakuna kaya hata moja inayoishi kwa shilingi 400,000. Kaya zikipangwa kuanzia ya chini hadi ya juu, ile iliyo katikati hutumia shilingi 100,000, na hiyo ndiyo picha ya karibu zaidi na maisha ya wengi. Kila wastani unapotajwa, swali la kwanza liwe: walio chini yake ni wangapi, na ni akina nani?

Kagera: watu waliofuatwa kwa miaka 19

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Kufikia mwaka 1987, utafiti uliofanyika mjini Bukoba ulionyesha kuwa karibu robo ya watu wazima waliopimwa walikuwa na maambukizi. Wazazi walikufa wakiwa na nguvu za kazi, na vibanja vikabaki mikononi mwa mabibi na watoto. Swali likazuka: kaya iliyopoteza mtu mzima huishije baadaye?

Ndipo ulipoanzishwa Utafiti wa Afya na Maendeleo wa Kagera, kwa ushirikiano wa Benki ya Dunia na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kati ya mwaka 1991 na 1994, kaya zaidi ya 900 katika wilaya zote za mkoa wa wakati huo zilitembelewa, nyingi kati ya hizo hadi mara nne. Wadadisi waliuliza juu ya chakula, shule, magonjwa, mali na vifo, na pia walipima urefu na uzito wa wanakaya.

Upekee wa utafiti huo ulionekana baadaye. Mwaka 2004, na tena mwaka 2010, watafiti walirudi kuwatafuta watu wale wale. Hawakuishia kubisha hodi kwenye nyumba za zamani. Aliyeolewa kijiji kingine alifuatwa huko. Aliyehamia Mwanza, Dar es Salaam au nchi jirani ya Uganda alifuatwa pia. Baada ya zaidi ya miaka kumi, mtu mmoja au zaidi alipatikana kutoka zaidi ya asilimia 90 ya kaya za awali. Ni nadra kwa utafiti wa aina hiyo popote duniani kufikia kiwango hicho, na jambo hilo limeufanya mkoa huu kuwa rejeo la wasomi wa uchumi wa maendeleo.

Mafunzo mawili yafaa kukumbukwa. La kwanza linahusu waliohama. Watafiti Kathleen Beegle, Joachim De Weerdt na Stefan Dercon waliwalinganisha watu waliotoka katika kaya moja ya awali, wengine wakiwa wamebaki na wengine wameondoka. Kati ya mwaka 1991 na 2004, ukuaji wa matumizi ya waliohama kutoka katika jamii zao uliwazidi waliobaki kwa pointi 36 za asilimia. Utafiti ambao ungehesabu nyumba zilizobaki pekee usingeliona badiliko hilo kubwa katika maisha ya watu wa Kagera.

Funzo la pili ni zito zaidi. Watafiti hao hao waliwafuata watoto waliofiwa na wazazi hadi utu uzima. Waligundua kuwa mtoto aliyefiwa na mama kabla ya kufikia umri wa miaka 15 alikuwa mtu mzima mfupi kwa takriban sentimeta 2, na mwenye elimu pungufu kwa takriban mwaka mmoja, kuliko vile ambavyo angekuwa. Sentimeta 2 hazionekani kwa macho. Kijana huyo husalimiwa sokoni kama wengine, naye hujibu kuwa hajambo. Ni futi iliyoshikwa kwa uangalifu, miaka mingi baada ya msiba, iliyoonyesha kuwa msiba ule ulikuwa bado unaishi mwilini mwake.

Yale ambayo futi haiyaoni

Futi nayo ina mipaka yake. Inapima urefu wa yatima, haipimi upweke wake. Kwa ajili hiyo, Shirika la Afya Duniani lilitengeneza katika miaka ya 1990 dodoso linalomtaka mtu mwenyewe aeleze maisha yake. Toleo lake fupi lina maswali 26. Mawili ni ya jumla, na mengine yamepangwa katika nyanja nne: mwili, nafsi, mahusiano na watu wengine, na mazingira. Msingi wake ni kwamba ubora wa maisha ni jinsi mtu anavyoiona nafasi yake maishani, kwa kuzingatia utamaduni wake, matarajio yake na mambo yanayomhangaisha.

Wakazi wa Bukoba wana mfano ulio karibu. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi lenye ukubwa wa 5.9 liliupiga mkoa. Watu wasiopungua 17 walipoteza maisha, na nyumba nyingi zilianguka au kupata nyufa. Nyumba zilihesabika. Hofu ya kurudi kulala chini ya paa lile lile ni vigumu kuihesabu, ingawa kwa aliyeipata ilikuwa sehemu kubwa ya ubora wa maisha yake wakati huo.

Hata hivyo, kauli ya mtu mwenyewe haitoshi ikisimama peke yake. Amartya Sen alionya kwamba mtu aliyeishi muda mrefu katika dhiki huweza kujifunza kutotamani kilicho juu ya uwezo wake, akasema ameridhika. "Tunamshukuru Mungu" ni shukrani ya kweli, lakini haiondoi mwendo wa saa nzima kwenda kuchota maji. Kipimo cha nje na sauti ya ndani vinahitajiana. Mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini uliutumia mwendo huo: wananchi katika mkutano walitaja kaya walizoziona kuwa na hali duni sana, kisha dodoso lilijazwa ili kuthibitisha.

Kuigeuza "ila" kuwa kipimo

Mwananchi hahitaji shahada ya takwimu ili kushiriki. Katika mkutano wa mtaa au mkutano mkuu wa kijiji, kauli kama "maji ni shida" husikika, huandikwa na kusahauliwa, kwa kuwa haiwezi kulinganishwa na chochote. Kauli hiyo hupata nguvu ikijibu maswali matano:

1. Umbali: huduma iko mbali kiasi gani?
2. Muda: kuifikia na kuisubiri huchukua saa ngapi?
3. Gharama: kaya hulipa kiasi gani, pamoja na nauli?
4. Marudio: hupatikana siku ngapi kwa wiki au kwa mwezi?
5. Nani: ni nani katika kaya anayebeba mzigo huo?

Kwa mfano: "Wiki iliyopita maji yalitoka siku mbili, siku nyingine watoto wa kike walikwenda bondeni kabla ya shule, wakafika darasani wamechelewa." Sentensi hiyo ina marudio, muda na mtu. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 ililenga kituo kimoja kwa watu 250, katika umbali usiozidi meta 400 kutoka kwenye makazi. Meta 400 za tambarare si sawa na meta 400 za kupanda mlima kutoka bondeni ukiwa na ndoo kichwani. Mpimaji wa umbali hawezi kuliona jambo hilo katika ramani mpaka anayepanda mlima huo alieleze.

Vivyo hivyo, mdadisi wa sensa au utafiti anapobisha hodi, ukweli ndio unaomsaidia mwenye nyumba. Sheria ya Takwimu, Sura ya 351, inalinda siri ya taarifa za mtu mmoja mmoja. Kaya inayoficha mgonjwa au mtoto asiyekwenda shule kwa kuona aibu huwa imeipunguza idadi ya wanaohitaji huduma ile ile inayoikosa. Na inayotia chumvi ili ionekane fukara huenda ikaisogeza nyuma kaya nyingine iliyo fukara kweli.

Kaya zaidi ya 900 za Kagera zilifungua milango yao mwaka 1991, katika kipindi ambacho misiba ilikuwa mingi na kueleza habari za nyumbani kwa mgeni hakukuwa rahisi. Kwa sababu zilisema kweli, leo inajulikana jinsi kifo cha mama kinavyoendelea kumpunguzia mtoto masomo na kimo. Salamu njema ya asubuhi ibaki kama ilivyo, maana ni heshima ya watu. Katika mkutano na mbele ya dodoso, isemwe pia "ila" yake, kwa umbali, kwa saa na kwa shilingi.