Mnara wa Aksum na Ahadi ya Miezi 18

Ndugu msomaji, katika darasa letu la Meru, ambalo ndugu wa Embu nao hulihudhuria, tulikuwa tukisoma khabari za Hijra ya kwanza, tukaulizwa: Je, mji wa wafalme wa Uhabeshi, yaani wa kina Najashi, ungaliko? Naam, upo. Waitwa Aksum. Mwenye kushika njia ya Isiolo hufika Moyale, mpakani mwa Uhabeshi, ingawa Aksum yenyewe iko kaskazini kabisa.

Mji huo ni mashuhuri kwa minara yake, kila mmoja jiwe moja zima, iliyosimamishwa penye makaburi ya wakubwa karne kadhaa kabla ya Masahaba kukimbilia nchi hiyo. Mmojawapo una urefu wa mita 24, na uzito wake wapita tani 150. Ulikuwa umekwisha anguka na kuvunjika zamani. Mwaka 1937, Mussolini alipokuwa ameiteka nchi, askari wake waliuchukua vipande vipande hadi bandari ya Massawa, ukapakiwa melini, ukasimamishwa Roma mbele ya wizara ya makoloni.

Pengine mtu atasema: mbona Paris, London na New York pia kuna minara ya Misri? Ni kweli; lakini ile ilitolewa na watawala wa Misri wenyewe. (Kama walikuwa na haki ya kuitoa, hilo ni darasa jingine.) Huu wa Aksum haukutolewa na mwenyewe.

Mwaka 1947 Italia ilitia sahihi mkataba wa amani, ikaahidi kurudisha katika muda wa miezi 18 vitu vya kale ilivyovitwaa Uhabeshi. Miezi ikapita, kisha miaka ikapita, na mnara ungali Roma. Mwaka 2002 ukapigwa na radi. Ukafunguliwa mwaka 2003, na hapo ikazuka taabu ya njia: Massawa sasa ni ya Eritrea, na nchi mbili hizo zilikuwa zimepigana tangu 1998 hadi 2000, mpaka umefungwa. Ikabidi vipande vitatu vipelekwe kwa ndege kubwa mwaka 2005, baada ya kutengenezwa kiwanja cha Aksum, kilicho juu ya mita 2,000, ambako hewa ni nyepesi na ndege nzito hutaka baridi ya alfajiri ipate kutua.

Kisha yakagunduliwa makaburi chini ya ardhi, kazi ikakawia. Tarehe 4 Septemba 2008 mnara ulifunuliwa mahali pake. Jirani yake, usiopata kuanguka wala kuchukuliwa, ulifungwa nyaya usije ukadhurika kwa kurudi kwa mwenziwe.