Mtego mtupu: maswali na majibu kuhusu rigresheni ya lojistiki

Wanaotega mbung'o kwenye mito ya Arua na Koboko, eneo la West Nile nchini Uganda, hurudi na daftari lenye safu moja yenye utata: 1 wakipatikana, 0 wasipopatikana. Haya ndiyo maswali ambayo wanafunzi huuliza wakishaketi na daftari hilo mbele ya kompyuta.

Kwa nini nisichore mstari ulionyooka tu?

Mstari ulionyooka haujui pa kusimama. Upe umbali kutoka mtoni, na baada ya mita kadhaa utakuambia uwezekano wa kupata mbung'o uko chini ya sifuri. Rigresheni ya lojistiki huupinda ukae kama herufi S, kati ya 0 na 1. Na mbung'o wa West Nile, Glossina fuscipes fuscipes, anaendana na umbo hilo: ni mdudu wa vichaka vya kingo za mito. Toka kwenye kivuli cha mto Enyau, panda hadi kwenye mihogo, utaona mwenyewe anavyopotea ghafla.

Programu imenipa 2.48. Ndiyo nini?

Tuchukue mfano wa kubuni. Mitego 40 iko mtoni, 30 imekamata. Mingine 20 iko mbali, 4 imekamata. Sasa tafuta odi, neno ambalo wacheza beti hawahitaji kufundishwa: umepata mara ngapi kwa kila mara moja uliyokosa. Mtoni ni 30 kwa 10, yaani 3. Mbali ni 4 kwa 16, yaani 0.25. Gawanya 3 kwa 0.25, unapata 12, na logi asilia ya 12 ndiyo hiyo 2.48.

Hapa ndipo ripoti nyingi huharibika. Mtu huandika kwamba mtoni uwezekano ni mara 12 zaidi. Sivyo! Uwezekano ni 0.75 dhidi ya 0.20, chini kidogo ya mara 4. Kilichozidi mara 12 ni odi.

Mtego haukukamata kitu. Niandike 0?

Andika, lakini kwanza uutazame mtego wenyewe. Nguzo ilipakwa grisi? Isipopakwa, sisimizi hupanda wakala mbung'o wote, ukabaki na mabawa mawili matatu. Mbuzi hawakuuangusha? Sifuri ya namna hiyo ni ya sisimizi na mbuzi, si ya mbung'o.

Hata mtego mzima hukosa. Tuseme mbung'o wapo, na kila siku mtego una nafasi ya 0.3 ya kukamata walau mmoja. Baada ya siku 5 bado kuna nafasi ya karibu 0.17 ya kutoka mikono mitupu. Kwa hiyo rudi kwenye mtego uleule siku kadhaa, na uandike kila siku peke yake, usijumlishe. Ndipo unaweza kutenganisha "hayupo" na "hakuonekana".

Suala hili lina uzito huku kwetu. Vitambaa vidogo vya bluu vyenye neti na dawa ya kuua mbung'o vilianza kujaribiwa Arua na Maracha mwaka 2011, na idadi ya mbung'o mitoni ikashuka sana. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Uganda imeondoa malale ya aina ya gambiense, yanayoenezwa na mbung'o, kama tatizo la afya ya jamii. Sifuri zimekuwa nyingi, na 1 zimekuwa adimu. Na modeli huhitaji 1 za kutosha: kwa kawaida tunataka walau 1 kumi kwa kila kigezo, kama vile umbali kutoka mtoni. Ukiwa nazo 20, chagua vigezo viwili, uache tamaa.

Nimeweka mitego kumi kwenye kona moja ya mto Kochi. Inatosha?

Hao ni mashahidi kumi wa nyumba moja. Tawanya.

Naweza kuitumia kwa faru wa Rhino Camp?

Jina limebaki, faru wa asili hawapo. Theodore Roosevelt, rais wa zamani wa Marekani, alipowinda hapo kwenye ukingo wa Nile mwaka 1910, faru weupe wa kaskazini walikuwepo. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 walikuwa wametoweka Uganda. Tega kamera kwenye hifadhi ya Ajai kumtafuta faru huyo wa kaskazini, utapata safu ya 0 tupu. Modeli huhitaji 0 na 1 ili ilinganishe. Bila 1, programu itatapika namba kubwa ya ajabu, na kosa sanifu kubwa kuliko namba yenyewe. Ukiona hivyo, izime, ukawaulize wazee.